Lorna Kagure na Ukoo wa Kiazi

Lorna Kagure Njiru aliachishwa kazi tarehe 11 Agosti 2023 kwa kosa ambalo yeye mwenyewe alikuwa amewaandikia wakubwa wake barua mbili kuwaonya lisitokee. Barua ya kumwachisha ilikuwa na sentensi nne. Ya tatu ilisema kwamba kwa uzembe wake wa kutoa maelezo, wakulima tisa walipoteza mimea yao. Hakuna aliyemuuliza alikuwa ameeleza nini, lini, wala kwa nani. Hakuna aliyefungua faili lake, nalo lilikuwa kabatini, hatua sita kutoka kwenye meza ilikoandikwa barua hiyo. Nasema sita kwa sababu baadaye nilizihesabu.

Kagure alizaliwa Mbeere, nyanda za chini za Embu, mahali ambapo udongo ni mwekundu wenye changarawe na mvua huja kama mgeni asiyependa kulala. Baba yake, Njiru, alifuga mbuzi na kutundika mizinga ya nyuki. Mtoto wa kike aliyechunga mbuzi hakuwa na kitabu cha kusoma porini, hivyo Kagure alisoma mimea. Alipokuwa kidato cha pili alisimama katika bustani ya shule mbele ya nyanya zilizokuwa zikichanua, akainama, akasema kwa sauti, “Mwalimu, hii ni ndugu yake mtunguja.”

Mtunguja ni kile kichaka chenye miiba na vitunda vya manjano ambavyo mbuzi wenyewe huvipita. Darasa zima liliangua kicheko.

“Basi kesho tutakula mtunguja na chapati!” mmoja akasema.

“Kagure, na wewe ni ndugu yake mbuzi?”

Nilikuwa katika darasa hilo, na nilicheka pamoja nao. Kagure alichuma ua la nyanya akaliweka kiganjani: nyota ya pembe tano, katikati imebeba kidole cha manjano. Akasema ua la mtunguja ni hilohilo, rangi tu ndiyo tofauti. Mwalimu wetu wa biolojia hakucheka. Alirudi darasani, akachora ubaoni mstari mmoja uliogawanyika mara mbili, kisha kila tawi likagawanyika tena, akaandika kwenye ncha majina ya mimea ambayo sisi tulidhani haijuani: nyanya, kiazi, biringanya, managu au mnavu, pilipili hoho, tumbaku, mtunguja. Akatuambia kwamba kila panapogawanyika tawi palikuwa na mzazi mmoja ambaye leo hayupo tena, na kwamba undugu wa viumbe hausomwi kwa sura zao bali kwa kushuka tawi hadi kumfikia mzazi huyo.

Sisi wengine tulinakili ili tufaulu mtihani. Kagure aliupokea mchoro ule kama mtu aliyeambiwa jina la bibi yake.

Mimi nilikwenda chuo kikuu. Yeye alipata cheti cha kilimo cha miaka miwili, akafanya kazi za vibarua vya hapa na pale, akamtunza mama yake mgonjwa mpaka akamzika. Mwaka 2021, akiwa na miaka arobaini na minne, aliajiriwa na mradi mmoja wa viazi wenye ofisi katika mji wa Meru, awe afisa wa nyanjani katika ukanda mmoja wa juu wa Imenti, kule ambako ukungu hauondoki kabla ya saa nne na viazi ndivyo karo, ndivyo mahari, ndivyo mchango wa kanisa.

Hakuwa na ardhi huko wala ukoo. Alipangisha chumba katika boma la mjane aitwaye Karambu, ambaye kila mtu alimwita Mama Kiogora kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mwanzoni walimtania.

“Mmbeere atatufundisha viazi?” alisema Mzee Mwirigi, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. “Kwenu si ndengu na mbuzi tu? Kiazi utakijulia wapi?”

“Nimekijulia kwa ndugu zake, mzee,” Kagure akajibu. “Kwetu wako wengi, ila wana miiba.”

Mwirigi alicheka hadi kofia ikamdondoka. Tangu siku hiyo walimwita Mwalimu, na jina hilo lilikuwa ndicho kitu pekee alichokuwa nacho kwenye ukanda ule. Mwenye shamba akikosea msimu, msimu ujao shamba bado ni lake. Afisa wa nyanjani akikosa kuaminiwa hana cha kuotesha tena.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mnyauko uliingia. Mkulima wa viazi anaujua, na anaogopa kuutaja kama watu wengine wanavyoogopa kutaja ukoma. Mmea unalala adhuhuri ilhali majani bado ni ya kijani, unaamka jioni, unalala tena kesho, siku ya tatu hauamki. Hakuna dawa. Ugonjwa unabaki udongoni ukisubiri kiazi kingine, au ndugu wa kiazi. Na hapo ndipo elimu ya Kagure ilipokuwa na thamani kuliko mbolea yoyote, kwa kuwa mwenye shamba lililoambukizwa lazima apande kitu kingine kwa misimu kadhaa, na akipanda jamaa wa kiazi, ataulisha ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe.

“Huu ugonjwa hauangalii sura,” Kagure alikuwa akiwaambia. “Unauliza, mama yako ni nani?”

Ofisi ya Meru iliamua kuchapisha bango. Halikuwa wazo baya. Msanii wa mjini alichora mti wa ukoo wa mimea kumi, picha zake zikiwa zimepangwa juu kwa mstari mmoja kutoka kushoto hadi kulia: kiazi, nyanya, managu, biringanya, hoho, karoti, maharagwe, kabichi, kitunguu, mahindi. Chini ya picha, matawi yalishuka na kukutana, kila mmea mahali pake pa haki. Nimelitazama bango hilo mara nyingi na sioni kosa la kisayansi ndani yake. Hoho alitoka katika tawi la kiazi na wenzake, ila ndiye aliyejitenga mapema kuliko wote watano, kwa hiyo mstari wake ulikuwa mrefu na alikaa mwisho wa kundi. Aliyemfuata kulia ni karoti, wa tawi jingine kabisa.

Kagure alipoonyeshwa nakala ya kwanza, Januari 2023, aliona hatari ambayo hakuna mtu mwingine aliyeiona, kwa sababu yeye alikuwa ameishi katika boma la Mama Kiogora.

Kwenye ukanda ule, mashamba yaligawanywa zamani kwa koo. Kila mwiriga, yaani kila ukoo, ulipewa kipande kinachoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, na ndugu wakakatiana humo. Ukitembea pale unapita kwa baba mkubwa, kwa binamu, kwa mpwa, uzio baada ya uzio. Aliyepakana nawe ni damu yako. Aliye mbali, vijito viwili kutoka kwako, huyo unaweza kumwoa. Mtoto wa pale anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Mtu wa namna hiyo akiwekewa mimea kumi kwa mstari hatafuata matawi yaliyo chini. Atahesabu nyuzio. Ataona hoho amepakana na karoti, na kati yake na kiazi kuna mashamba matatu.

Barua ya kwanza aliiandika kwa mkono tarehe 19 Januari. Hakuomba mimea ihamishwe. Aliomba jambo dogo: mstari mzito uzungushwe kwenye mimea mitano ya ukoo wa kiazi, kama uzio wa boma moja, ili hata asiyeweza kusoma matawi aone wanaoishi ndani na wanaoishi nje. Alieleza sababu kwa aya mbili ambazo ningejivunia kama ningekuwa mimi niliyeziandika.

Jibu alilopewa, kwa simu, ni kwamba mchoro ni sahihi kisayansi na uzio ungeuharibu sura.

Sina budi kulisema hili waziwazi, maana ndilo linaloniuma kuliko yote. Walikuwa sahihi. Mchoro ulikuwa sahihi, na hilo halikumsaidia mtu hata mmoja. Watu wenye shahada kama yangu walikuwa wameshika ukweli mkononi na hawakuona haja ya kuuliza kama unaonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Kagure aliomba basi angalau apewe siku ya kueleza. Alipewa alasiri moja: Alhamisi, tarehe 16 Februari.

Jumapili kabla ya hapo, dada mkubwa wa Mama Kiogora alifariki Kangeta, kule kwenye mashamba ya miraa. Mazishi yalipangwa Alhamisi hiyohiyo. Na kwa desturi ya kikundi cha akina mama wa kanisa, mmoja akifiwa haachwi aende peke yake. Wanawake wanane walipanda lori pamoja naye, na sufuria, na kuni, na viazi magunia mawili, wakaenda kumzika mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi pale, nami sijui namna bora zaidi.

Kagure aliomba siku ibadilishwe. Akaambiwa kalenda imeshapitishwa. Alifundisha Alhamisi hiyo mbele ya watu kumi na wanne katika uwanja wa kanisa. Nimesimuliwa na waliokuwapo. Alikata matawi ya mkaratusi yenye panda, akayafunga kwa kamba za mgomba ili kila panda iweze kuzungushwa, akaning'iniza viazi, nyanya na hoho halisi kwenye ncha.

“Sasa tazameni,” akasema, akaizungusha panda moja. Hoho aliyekuwa mwisho akaja katikati. Akaizungusha nyingine, nyanya akaenda ukingoni. “Nimebadilisha undugu wa nani hapa?”

“Umewabadilishia viti tu,” alisema Mzee Mwirigi.

“Ehe! Mzee amesema. Viti tu. Watoto wa mama mmoja wakihama viti mezani, wanaacha kuwa wa mama mmoja?”

“La!”

“Basi ukitaka kujua ndugu, usihesabu viti. Shuka. Kutoka kwa hoho shuka mpaka njia panda. Hapo unakutana na nani?”

“Na hao wenzake kiazi.”

“Na karoti?”

Mwirigi alifuata tawi kwa kidole, akashuka, akashuka tena. “Huyu ni mpaka chini kabisa. Hawa hawajuani.”

Waliokuwapo walielewa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepanda hoho. Siku iliyofuata Kagure aliandika barua yake ya pili, akiomba alasiri nyingine kwa ajili ya wanawake tisa waliokuwa mazishini, na akiwataja wote kwa majina. Ofisi haikujibu. Jumatatu mabango yalitundikwa kanisani, dukani na kwenye ghala la kikundi, na jioni hiyo Kagure alipigiwa simu ahamie ukanda mwingine, upande wa pili wa mlima, kwa miezi mitatu, kwa kuwa afisa wa huko alikuwa amejifungua; akaondoka kabla wale tisa hawajarudi.

Alimpigia Mama Kiogora simu mara kadhaa katika miezi ile. Walizungumza juu ya marehemu, juu ya watoto aliowaacha, juu ya usingizi usiokuja. Hawakuzungumza habari za kupanda. Mtu aliyefiwa hasumbuliwi kwa habari za mbegu. Na Kagure alidhani, kwa kuwa Mama Kiogora alikuwa ametaja kabichi kabla ya msiba, kwamba ni kabichi atakazopanda.

Mama Kiogora, kwa upande wake, alikuwa na siri ya furaha. Aliporudi kutoka Kangeta alisimama mbele ya bango baada ya ibada pamoja na wenzake wanane. Walilisoma kwa makini kuliko wanavyosoma matangazo ya ndoa. Waliona kiazi. Walihesabu: nyanya, managu, biringanya. Hao ni majirani zake, hao hatuwagusi. Kisha hoho, aliyepakana na karoti, mwenye tawi lake refu peke yake, kama kijana aliyehama mapema akajenga ng'ambo. Na hoho mwaka ule ilikuwa na soko zuri. Wote tisa walipanda hoho katika udongo uleule uliokuwa umeua viazi vyao.

Kagure alirudi tarehe 29 Mei, saa sita na nusu, jua likiwa limetoka. Mama Kiogora alimpokea langoni, akamtua begi, akamvuta mkono kabla hata ya kumpa maji.

“Njoo uone, Mwalimu. Nilikataa kukwambia kwa simu. Nilitaka ukirudi ukute nimefanya vile ulifundisha.”

Nusu ekari ya hoho ilikuwa imechanua. Nyota nyeupe zilijaa shamba zima. Na katikati, kwenye mstari wa sita na wa saba, mimea kama ishirini ilikuwa imelala majani yakiwa bado ya kijani.

“Hiyo ni jua tu,” Mama Kiogora alisema. “Jioni inaamka.”

“Imelala tangu lini?”

“Tangu juzi. Kwani ni nini? Mwalimu, kwani ni nini?”

Kagure aliomba bilauri na maji safi. Alikata shina moja, akalishika kwa vidole viwili, akalitumbukiza ncha yake majini bila kulitikisa. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamesogea. Baada ya kama dakika tatu, uzi mweupe, mwembamba kama wa buibui, ulianza kushuka kutoka kwenye shina, ukanyooka hadi chini ya bilauri kama maziwa.

Mama Kiogora alikuwa ameuona uzi huo mara moja, mwaka uliotangulia, kutoka kwenye shina la kiazi.

“Lakini hoho ni wa karoti,” alisema. “Si amepakana na karoti? Nilihesabu. Tulihesabu sote.”

Kagure aliimwaga ile bilauri mbali na shamba, kwenye moto wa jikoni. Waliomwona wanasema aliketi kwenye kigoda akafunika uso kwa leso, na kwamba alisema jambo moja tu: “Ningekuuliza kwa simu. Mara moja tu ningekuuliza.”

Kufikia katikati ya Juni mashamba yote tisa yalikuwa yamelala. Hasara ya msimu mtu huweza kuililia ikaisha. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshiba mwaka mwingine mzima, na udongo ambao ungeweza kupona ulirudishwa mwanzo wa kungoja. Kiogora alikuwa kidato cha tatu. Alirudi nyumbani Julai na sanduku lake, kwa kukosa karo.

Mkutano uliitishwa uwanja wa kanisa, Jumamosi, tarehe 22 Julai. Msimamizi kutoka ofisi alikuja na gari na karatasi. Nina kumbukumbu zilizoandikwa za mkutano ule, na nimezihakikisha kwa watu wanne.

“Ulieleza bango au hukueleza?” msimamizi akamuuliza Kagure.

“Nilieleza.”

“Kama ulieleza, mbona watu tisa wamekosea kosa moja?”

Kagure alimtazama Mama Kiogora, aliyekaa kwenye benchi la mbele na kitambaa cheusi cha matanga kichwani. Jibu lilikuwa pale. Lingesemwa kwa pumzi moja: hawa tisa walikuwa mazishini. Lakini pale watu hawataji maiti kuwa chanzo cha hasara. Ukifanya hivyo umemwambia mfiwa kwamba dada yake alikufa siku mbaya, na umewaambia waliomsindikiza kwamba wema wao ndio uliowamaliza. Mzee Mwirigi alijua jibu hilo pia. Alitazama viatu vyake.

“Nilieleza,” Kagure alirudia. “Haikutosha.”

“Haikutosha!” mwanamume mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. “Kwetu hapa mtu akileta Mmbeere amfundishe viazi, anavuna ndengu!”

Watu walicheka, cheko la watu wenye uchungu, lisilo na furaha. Msimamizi alimgeukia Mama Kiogora akamwomba aseme alichojua.

“Mimi sijui mengi,” alisema. “Mimi nilifuata picha ya Mwalimu.”

Picha ya Mwalimu. Kagure hakuwa ameichora, hakuwa ameipitisha, na alikuwa ameomba kwa maandishi irekebishwe. Msimamizi alijua hivyo, kwa sababu simu ya Januari ni yeye aliyeipiga. Aliandika maneno ya Mama Kiogora neno kwa neno, akafunga kalamu.

Wiki tatu baadaye barua ya sentensi nne ilifika. Kagure alifungasha asubuhi. Mama Kiogora alikuwa kisimani, au alisema alikuwa kisimani. Chumba kilikutwa kimefagiliwa.

Mimi niliingia katika habari hii kwa kuchelewa. Mwezi Oktoba 2024 mradi uliniajiri niandike tathmini ya miaka yake mitatu. Katika kabati nilikuta faili lenye jina la mtu niliyemcheka nikiwa na miaka kumi na sita. Ndani mlikuwa na barua mbili, zikiwa zimepigwa muhuri wa kupokelewa, tarehe na saa. Nilizisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikapanda hadi ule ukanda wa juu, nikamkuta Mama Kiogora akipalilia kabichi, nikamwomba aketi, nikamsomea.

Kwenye barua ya pili nilipofika kwenye majina tisa, jina lake likiwa la kwanza, aliniambia niishie hapo. Akaomba nirudie. Kisha akauliza, “Aliandika lini?”

“Siku moja baada ya mazishi.”

“Na pale mkutanoni alikuwa anajua ameandika?”

“Alijua.”

Hakulia. Aling'oa magugu machache yaliyokuwa karibu na mguu wake, akayapanga kando, marefu kwa mafupi. Mwishowe akasema, “Nipeleke kwao.”

Tulikwenda Mbeere tarehe 7 Desemba. Alibeba unga wa uji, sukari, na kitenge kipya. Kagure alikuwa uani akipura ndengu kwa fimbo, vumbi limemjaa nyusi. Alikuwa amekonda. Alitukaribisha kama wageni wanavyokaribishwa, akatupikia uji, akauliza habari za Kiogora, akaambiwa yuko mji wa Maua, anapakia miraa kwenye pikapu.

“Mwalimu,” Mama Kiogora alisema, “kwa nini hukusema tulikuwa matanga?”

“Ningesemaje? Ati dada yako angengoja kidogo, afe baada ya mafunzo?”

Wote wawili walicheka, wakastaajabu kwamba wamecheka, wakaacha.

“Nilisema picha ni yako.”

“Ulisema ulivyojua.”

“Nilijua zaidi ya hivyo. Nilijua wewe huwezi kunidanganya. Hilo nililijua na sikulisema. Nilikuwa nimekasirika, na wewe ndiye ulikuwa karibu.” Alivuta pumzi. “Rudi. Mwirigi mwenyewe amesema urudi. Chumba kiko. Nitawaita watu wote nisimame mbele yao.”

Kagure aliokota ndengu zilizoruka nje ya mkeka, moja moja.

“Nirudi niwaambie nini, Mama Kiogora? Kila nitakaposema mmea huu ni ndugu ya huu, mtu mmoja ataitikia na mwingine atakumbuka shamba lako. Na mimi pia nitalikumbuka. Nitakuwa nasema huku naogopa. Mtu hafundishi akiogopa.” Akatikisa kichwa. “Juzi hapa jirani aliniuliza, apande nini baada ya nyanya. Nilimwambia sijui.”

“Na unajua.”

“Najua.”

Sijasikia katika maisha yangu sentensi mbili zilizonihuzunisha kuliko hizo. Mwanamke huyu aliusoma ukoo wa mimea porini, akichunga mbuzi, kabla hajaona mchoro wowote. Leo anaulizwa na jirani yake, na anajibu kwamba hajui, kwa sababu ofisi moja haikutaka kuharibu sura ya bango.

Mama Kiogora alilala huko siku mbili. Walipura ndengu pamoja. Siku ya kuondoka Kagure alimsindikiza hadi barabarani, akiwa amejifunga kile kitenge kipya, lakini juu ya kurudi Meru hawakusema tena.

Nilimaliza tathmini yangu Januari. Niliambatisha barua zote mbili na kukataa kutia sahihi nakala yoyote isiyokuwa nazo. Msimamizi aliyempigia simu bado yuko kazini. Kagure yuko Mbeere, na hajaomba kazi mahali popote.

Tarehe 17 Februari 2025 mradi ulitoa waraka unaoagiza kwamba mchoro wowote wa kufundishia usichapishwe kabla ya wakulima wasiopungua kumi na wawili kuusoma bila kusaidiwa na kueleza walichokiona. Na katika aya ya tatu ya waraka huohuo, neno “uzembe” lilifutwa kwenye kumbukumbu za utumishi za Lorna Kagure Njiru.